Nina siku nne tu: Meru, Lengai au kipande cha Kilimanjaro?

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulitoka wiki ya tatu baada ya kushuka Meru. Haukuuma. Nilikuwa navua soksi nikaukuta ndani, mweusi kama mbegu ya tikiti. Naanza na ukucha huo kwa kuwa ndio bei halisi ya kile nilichouziwa kwa jina la "kuokoa siku moja".

Kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu hapewi likizo, anapewa vipande. Siku nne baada ya kufunga hesabu za robo mwaka, siku mbili tatu Pasaka ikikaa vizuri. Kwa vipande hivyo, ndani ya miaka miwili nimefika Mandara, vibanda vya kwanza vya kulala Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, nimepanda Lengai, nimemaliza Meru. Binamu yangu naye alijitosa Kilimanjaro kwa siku tano. Kwa hiyo kila mwenye siku chache ofisini ananiletea swali lile lile, na safari hii naliandikia jibu ili nisirudie.

Mandara ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyonipa kidogo kuliko zote. Unaingia geti la Marangu asubuhi, unatembea msituni kilomita nane hivi, unakula chakula cha mchana vibandani, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, unashuka. Mbega wapo, na mikia yao myeupe kama usinga. Miguu ikiwa bado ina nguvu, ongeza robo saa hadi kreta ya Maundi, maana hapo msitu unakuachia na vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, huonekana. Sisi tuliona ukungu. Ukiwa na mama wa miaka sitini au mtoto wa darasa la sita, nenda Mandara na wala usihangaike kusoma zaidi. Mimi nilirudi Moshi nikijiona kama mtu aliyealikwa harusini akaishia kunawa mikono.

Lengai ni habari nyingine. Kwa kuwa urefu wake haufiki mita 3,000 (ni 2,962), watu huudharau. Unaanza kupanda saa sita usiku, kwa sababu jua la upande ule wa Ziwa Natron likikukuta mgongoni hakuna kivuli cha kujificha hata kidogo. Kote ni majivu, mengine yameshikana kama saruji, mengine yanakimbia chini ya mguu, na kuanzia nusu ya juu mikono inafanya kazi sawa na miguu. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza kutoka Engare Sero alivaa katambuga. Mimi nilikuwa na buti za bei ya kodi ya mwezi, na sikumbuki kumwona akiteleza.

Huko juu hakuna uzio wala kamba. Unasimama ukingoni unatazama volkano hai, pekee duniani kwa aina ya lava inayotoa: nyeusi, nyepesi, yenye joto la karibu nusu tu ya lava za kwingine, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mdogo wangu, ambaye haogopi kitu, alikaa chini akashika jiwe kwa mikono miwili. Kwa usiku mmoja, sijapata mlima uliokamilika kama huu: unaanza, unafika, unamaliza. Kasoro yake ni kwamba usiku huo mmoja unakula siku ya kwenda na siku ya kurudi kutoka Arusha, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Tena kabla ya kulipa, uliza mlima umetuliaje. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka kwa nguvu, na haukutoa miadi.

Sasa binamu yangu na Kilimanjaro yake. Hili la siku tano kwa njia ya Marangu nitalisema kihasibu. Usiku wa kwanza unalala mita 2,720. Wa pili, Horombo, 3,720. Wa tatu, kama usiku unaitwa usiku, kibanda cha Kibo, 4,720, na kabla hujapata usingizi unaamshwa uende kileleni, 5,895. Yaani kila siku unahamisha kitanda mita 1,000 juu, wakati ushauri wa kawaida ukishavuka mita 3,000 ni kupandisha malazi kama mita 500 tu kwa siku. Binamu ni mkimbiaji, ana mapafu ya kuazimisha. Aligeuzwa muda mfupi baada ya Kibo, anatapika na hajui amevaa glavu mkono upi. Aliyemgeuza alifanya kazi yake, maana dawa ya ugonjwa ule wa mwinuko ni kushuka. Mwenye siku sita akapumzika Horombo siku ya ziada ana mazungumzo mengine. Mwenye siku tano, mimi simsindikizi.

Na hapo ndipo Meru unapoingia. Mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, mlima wa pili kwa urefu nchini, na unaweza kuumaliza wote ndani ya likizo ya mtu wa kawaida. Siku ya kwanza kutoka geti la Momella tulipita katikati ya twiga waliotutazama kama wapangaji wapya. Mbele yetu alitangulia askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Mtu mzima, mpole, anatembea kama anayekwenda dukani, na hakuna aliyemkaribia kwa mwendo. Tulilala Miriakamba, mita 2,514. Kesho yake ngazi, ngazi, ngazi, hadi kibanda cha Saddle, 3,570. Jioni ukijiweza unapanda Meru Ndogo, 3,820, kisha unarudi chini kulala. Panda, mwili uonje, shuka. Kichwa kilinigonga kidogo, nikanywa supu ya maboga, kikaacha.

Saa nane usiku tukaondoka. Ukishafika Rhino Point unashuka, usiku ule, ukijua utakuja kupapanda tena wakati wa kurudi. Kisha ni ukingo wa kreta, kushoto kwako shimo lisiloonekana, na pumzi fupi. Niliuliza "bado sana?" mara nyingi mno. Kiongozi akasema, "Dada, pumua kwanza, ndipo uulize." Nikapumua. Kulipokucha, shimo likajaa mwanga na ndani yake kikaonekana kile kichuguu cha majivu, kikubwa kama mlima wa peke yake, na ng'ambo ya mawingu Kilimanjaro yenyewe, kilomita sabini hivi. Hiyo picha Kilimanjaro haiwezi kukupa, kwa kuwa uko juu yake.

Turudi kwenye ukucha. Kampuni naiacha bila jina, kwa sababu kiongozi wake alikuwa bora kuliko ofisi yake. Ofisi iliniambia Meru wa siku tatu na wa siku nne ni ule ule, "tofauti ni usiku mmoja tu dada yangu, unaokoa hela". Ni kweli kwamba kupanda ni kule kule. Saa moja asubuhi nilikuwa kileleni. Jioni nilitakiwa niwe getini Momella, mita 1,500. Piga hesabu: mita 1,000 za kupanda bila usingizi, halafu 3,000 za kushuka, siku hiyo hiyo, vidole vikigonga ncha ya buti kila hatua.

Alasiri tulipita Miriakamba. Kundi la siku nne tuliloanza nalo limeshavua viatu, miguu iko kwenye beseni, bakuli la bisi linazunguka. Mmoja akanikaribisha. Nikachota bisi kiganjani, nikala nikitembea, goti la kushoto likiimba. Wapagazi wetu, wagumu kama wanavyojiita, walikuwa wameshatupita zamani na mizigo kichwani, na sikuwaonea wivu ila aibu: ile siku niliyoiokoa, wao ndio walioibeba.

Hivyo nyota zangu: Mandara tatu, Lengai nne, Meru wa siku nne tano, Meru wa siku tatu mbili, na hizo mbili ni za yule kiongozi na mpishi. Anayetoka pwani kama mimi asishuke basi leo akapande leo. Alale Arusha usiku mmoja, ambako ni mita 1,400 hivi, maana hata Meru unakupandisha mita 1,000 kila siku na tofauti yake na Kilimanjaro ni kwamba unaishia mapema. Fimbo mbili, si moja. Buti uzijaribu kwenye mteremko wenye changarawe, si kwenye kapeti la duka, na kucha uzikate siku mbili kabla.

Nimeshaomba ruhusa ya Februari, siku nne za Meru na moja ya Arusha. Bosi amesaini. Ukucha umeota nusu.