Saa za mazoezi: tuangalie waya kabla ya betri

Anayetafuta saa ya mazoezi huuliza kwanza kama inakaa na chaji siku ngapi, nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipokwisha kuvaa tatu za aina tofauti. Siku hizi swali langu la kwanza ni waya wa kuchajia: unashikaje, na nikiusahau nitaupata wapi.

Apple Watch hulazwa juu ya kisahani chenye sumaku, na hukaa mahali pake hata ukiiweka gizani kwa kupapasa. Kampuni inaahidi muda wa saa 18 kwa Series 10, kwa hiyo kuichaji ni kazi ya kila siku. Lakini kwa chaja ya kasi hufika asilimia 80 kwa takriban nusu saa, muda wa kuoga na kunywa chai. Ajabu ni kwamba waya wake sijawahi kuupoteza, kwa sababu ninautumia kila siku na hauondoki kando ya kitanda.

Garmin Forerunner 55 hukaa hadi wiki mbili usipotumia GPS, na ukiiwasha mfululizo hadi saa 20. Plagi yake ya pini nne huchomekwa mgongoni na kusimama wima, hivyo saa hailali chali, bali huilaza kifudifudi au ubavu. Baada ya mbio ndefu nayafuta matundu yale kwanza, maana jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi na umeme havipatani. Na kwa kuwa ninauhitaji waya mara mbili tu kwa mwezi, ndio niliousahau Dar es Salaam nilipokwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon. Maduka niliyopita yalikuwa na chaja za simu za kila namna, ya saa hakuna hata moja. Aliyeniokoa ni mkimbiaji wa chumba cha jirani mwenye Garmin ya toleo jingine kabisa, kwani plagi hiyo hiyo hutumika kwenye matoleo yao mengi. Sifa hiyo naithamini kuliko wiki mbili za betri.

Bangili ya Xiaomi ilikuwa usumbufu mpaka Mi Band 4, kwani ulilazimika kuichomoa kwenye mkanda ili uichaji. Tangu Mi Band 5 ya mwaka 2020 inanaswa kwa sumaku ikiwa kwenye mkanda wake. Galaxy Watch za Samsung zina jambo moja ninalolitamani: umeme ukikatika, unaweza kuiweka saa mgongoni mwa simu ya Galaxy yenye uwezo huo, kuanzia S10 ya mwaka 2019, ikapata chaji.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2024 imezilazimisha simu kutumia tundu la Type-C, lakini saa hazimo. Kwa hiyo nunua waya wa pili siku ile ile unayonunua saa, uujaribu dukani kama unashika barabara, kisha uuweke kwenye begi la viatu vya mbio na usiutoe humo.