Nyumba ya vipepeo Gede: anza na majani

Mimi ni mtu wa kitalu, nauza miche Kilifi, kwa hiyo hata vipepeo nawatazama kwa jicho la mwenye miti. Mradi wa Kipepeo, unaonunua vipepeo waliolelewa na wakulima na kuwauza nje, ulianza mwaka 1993, na uko pale pale kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Wageni wengi huingia kwenye banda la wavu, wakapiga picha mbili tatu, wakaondoka. Mimi nasema uhondo wenyewe wanauacha nyuma.

Mwombe anayekutembeza akuonyeshe kwanza viwavi na majani wanayokula. Karibu kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache, na mtoto wake hali kingine hata afe njaa. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus, hutaga kwenye mdimu, mlimau na jamaa zao. Vipepeo wa jamii ya Graphium wengi hutaka ukoo wa mtopetope. Inamia mche wa ndimu uangalie vizuri: kiwavi mchanga ni kinyesi cha ndege kitupu, kahawia na weupe kidogo. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa anachomoza pembe mbili laini nyuma ya kichwa, na harufu yake kali inakufikia pale pale. Jike naye ni wa kutazama. Kabla ya kutaga hulipigapiga jani kwa miguu, ndivyo anavyolionja, na likiwa silo anaruka zake.

Wateja wangu huniletea majani yaliyotobolewa na viwavi hawa wakitaka dawa. Huwa nawaambia wawaache; mdimu uliokomaa hauuawi na viwavi wachache.

Kazi kubwa hufanyika majumbani, kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanakamata vipepeo wazazi msituni, wale kina Charaxes kwa mtego wa ndizi iliyooza, wanawatagisha, kisha wanalea viwavi kwa majani ya miti waliyoipanda wenyewe, huku wakipigana na siafu. Kiwavi akishajifunga kabla ya kuwa kipepeo huitwa pupa; pupa hao huuzwa kwa mradi, nao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Hapo ni mbio, maana pupa hakai sana kabla kipepeo hajatoka.

Sasa, ningependa kila mgeni alijue hili: wengi wanaoruka ndani ya wavu si wale walio hatarini. Msitu ule una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na aina zaidi ya 250 za vipepeo, na wachache kati yao, kama Baliochila latimarginata, ni wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki tu. Viwavi wa kina Baliochila hula ukoga unaoota kwenye magome ya miti. Huo hakuna kitalu kinachoweza kuuotesha, changu wala cha mwingine. Mti mzee ukikatwa, chakula chao kimekwenda. Ndiyo maana nauheshimu mradi huu. Wapo majirani waliokuwa wakiuona msitu kama ardhi waliyonyimwa, tena tembo wakitoka humo kuja kula mahindi yao. Pupa wakilipa karo, mtu anakuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka miti ile ibaki.

Nenda asubuhi jua likishapanda. Siku ya mawingu vipepeo hujibanza chini ya majani na utaona wachache. Kwa matatu ya Mombasa–Malindi unashuka Gede, halafu bodaboda au miguu. Asali ya wakulima huuzwa pale, inunue. Na ukibaki na muda, pitia kituo cha msitu cha Gede uchukue mwongozaji, umwambie mapema kwamba unataka kuona mirihi na mibambakofi, na magome yake kwa karibu, la sivyo mtazunguka mkitafuta ndege tu.