Ushauri nasaha Nyali: nyota 2, na zote za mshauri wa pili

Ofisi yenyewe haina neno. Safi, kiyoyozi chafanya kazi, karani akupa maji hujaomba. Ila mama wa Kisomali aliyenitangulia alidaiwa kipande, kikageuzwa mbele na nyuma. Mimi niliyemfuata sikuulizwa kitu. Nililiona, nikanyamaza. Nilikuwa na yangu.

Mume wangu amefariki, usingizi umenikimbia, na kijana wangu wa miaka 17 hasemi na mtu. Nilipomwambia mshauri kwamba nilikaa ndani miezi 4 na siku 10, akaniangalia: "Nani alikufungia?" Nikamweleza eda, kwamba imo katika Suratul Baqara, aya ya 234, na kwamba siku zile za mashoga kuniletea uji na kunisomea Yasini ndizo zilizonishikilia. Tabu ilianza nilipotoka. Wapi! Akaandika, nami nasoma upande wa pili wa meza: "ananyanyaswa na wakwe." Wakwe wenyewe, masikini, ndio walionilipia!

Nikasema kijana haikosi alfajiri msikitini tangu babake azikwe. Hapo bwana akasogeza kiti. Ana marafiki wapya? Anatazama video gani? Mzazi wa Mombasa ajua maswali hayo yaelekea wapi. Sisi wa Majengo tuliona polisi walivyouvamia Masjid Musa mwaka 2014. Tangu hapo kanzu ya kijana yatosha kumtilia shaka ya ugaidi. Mwanangu aenda kusimama kwenye safu aliyokuwa akisimama babake, basi.

Nikaomba nibadilishiwe. Nikapewa dada Mtaita, Mkristo, na laiti wale wanaosema Muislamu ashauriwe na Muislamu mwenziwe tu wangekuwapo. Eda hakuijua. Akauliza, "Kwako ilikuwaje?" kisha akaniacha niseme mpaka nimalize. Halafu: "Kijana alikuwepo maziko?" Alishuka kaburini kumpokea babake. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata nyumbani.

Malalamiko nimeyaandika. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 yataka mshauri awe amesajiliwa, kwa hivyo nimeomba nambari ya yule bwana. Karani asema nisubiri.

Saa moja ni shilingi 3,000, kwa M-Pesa. Ijumaa msikubali miadi ya saa saba, watawapa bila kufikiri. Na lifti ni mbovu, ofisi iko orofa ya tatu. Wenye magoti kama yangu wajipange.