Ukitokea Dodoma: Bagamoyo au Kilwa?

Likizo ikikaribia, swali hili hurudi vijiweni. Kwa nauli na muda, Bagamoyo haina mpinzani: treni ya SGR hadi Dar, kisha basi, kilomita 70 hivi. Kilwa Masoko iko kama kilomita 300 kutoka Dar, na bado hujapanda mashua ya kuvukia Kilwa Kisiwani, penye mji wa kale.

Lakini magofu yake sasa! Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa, mji aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia 1981. Magofu ya Kaole huko Bagamoyo, pamoja na mibuyu yake, ni padogo mno.

Una watoto na siku mbili? Bagamoyo, na samaki wa kukaanga. Una wiki nzima na huogopi jua, vuka Kilwa.