Filamu bubu za mapenzi na vichekesho: kabla hujalipa, pima mwendo

Mama alipokuja kutoka Pangani kukaa nasi wiki mbili, nilitaka jioni tuangalie kitu ambacho sitalazimika kumtafsiria kila sentensi. Nikaagiza diski ya filamu bubu za mapenzi na vichekesho, filamu tano kwenye kava moja, na juu ya kava pameandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba zote zimesafishwa na kurejeshwa upya. Pamoja na usafiri nililipa shilingi 85,000. Tukaanza na Sherlock Jr. ya mchekeshaji wa Kimarekani Buster Keaton, ya mwaka 1924. Hatukufika mbali mama akauliza: "Mwanangu, hawa watu wanakimbilia wapi?"

Hawakuwa wanakimbia. Walikuwa wanatembea sebuleni.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho wake. Keaton ni kijana anayeendesha mashine ya sinema. Yumo ndani ya kile chumba chake kidogo na binti anayempenda, Kathryn McGuire, na hajui aanzie wapi. Anachungulia kupitia kidirisha: mwanamume wa kwenye filamu anashika mikono ya mwanamke, naye anashika. Yule anabusu mkono, naye anabusu. Yule anavisha pete, naye anavisha. Utamu wote umo katika zile nukta anazotulia kutazama nje kabla hajaiga. Kwenye diski yangu utulivu ule haukuwepo. Macho yalienda na kurudi kama ya mtu anayevuka Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni, na pete ikawa kidoleni kabla mama hajajua kwamba imetolewa.

Kwa hiyo hapa nitazungumzia mwendo. Habari za 4K, yaani ukali wa picha, na uzuri wa kava, muuzaji yeyote atakuimbia bila kuombwa.

Kamera za enzi zile zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja ulipiga picha 8, na desturi ya mwanzo ilikuwa mizunguko miwili kwa sekunde, yaani picha 16. Kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga mwendo ulipanda, 18, 20, 22 na zaidi, na kila mpiga picha alikuwa na mkono wake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka hiyo ndipo picha 24 kwa sekunde zikawa kanuni, maana sauti ikipanda na kushuka mwendo kila sikio linajua. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa 16 uirushe kwa 24: dakika nzima inageuka sekunde 40. Wapenzi waliotazamana sekunde 3 wanatazamana sekunde 2. Kwenye mapigano huenda usione tofauti. Kwenye mapenzi, ile sekunde iliyopotea ndiyo uliyoilipia.

Warejeshaji makini, kama wale wa maabara ya L'Immagine Ritrovata kule Bologna, Italia, hutafuta nakala kutoka hifadhi mbalimbali, huchagua vipande vilivyo bora, huvisafisha picha kwa picha, kisha mwendo nao huamuliwa kwa makini. Filamu ya picha 20 kwa sekunde hutoshelezwa ndani ya 24 kwa kurudia picha moja katika kila tano. Wala haitakiwi kupunguza mwendo ovyo. Wachekeshaji wenyewe walizungusha kamera polepole kwa makusudi kwenye mikimbizano ili baadaye ionekane kasi, na kasi hiyo ni haki yao, ibaki. Ukitaka kupima, acha kumtazama mchekeshaji. Tazama mpita njia nyuma yake, maji yanayomiminwa, sketi ya mwanamke anapokaa. Sketi ikishuka kama jiwe, diski hiyo ni mbovu hata kama picha yake inang'aa.

Na kabla hujalaumu diski, ingia kwenye mipangilio ya televisheni yako uzime kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kinaongeza picha ambazo hakuna aliyezipiga.

Namba moja kwangu ni seti ya Buster Keaton: 3 Films, ya Masters of Cinema kutoka kampuni ya Eureka ya Uingereza. Nembo hii naipenda na sifichi. Nikiiona kwenye kava mkono wangu unakuwa mwepesi kulipa. Ndani mna Sherlock Jr., The General ya 1926 na Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Ilipofika mama alikuwa amesharudi Pangani, nikaiangalia usiku mmoja mara mbili. Mwanzoni mwa Sherlock Jr. kijana ananunua boksi la peremende la dola 1 ampelekee binti, kisha anaichorea ile 1 hadi inakuwa 4. Kwenye diski yangu ya kwanza nilidhani ameandika jina. Hapa niliona mkono ukichora, niliona na uso wake akikagua kama namba imekaa vizuri. Na ule mwisho wa pete nilioupigia kelele hapo juu, hapa unapumua.

Namba mbili ni The Cameraman ya 1928, Keaton tena, toleo la Criterion, kampuni ya Marekani, lenye marejesho ya 2020 na muziki wa Timothy Brock. Keaton ni mpiga picha za barabarani aliyempenda karani wa ofisi ya habari za sinema, akauza vyombo vyake anunue kamera kuukuu ili awe karibu naye. Kuna mahali binti, Marceline Day, anampigia simu kumwambia siku yake imekuwa huru. Keaton anaacha simu ikining'inia, anakata mji mzima mbio, na binti bado ameshika mkono wa simu sikioni akigeuka anamkuta nyuma yake. Hicho kichekesho kinataka mbio za mmoja na utulivu wa mwingine. Diski ikiharakisha wote wawili, hakuna cha kucheka.

Hapa kuwa makini na herufi nyuma ya kava. Diski za Blu-ray za Marekani huwekwa kanda A. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati tuko kanda B. Criterion wana matoleo ya kanda zote mbili, na lile la Marekani litakataa kwenye deki ya huku hata ulibembeleze. Wauzaji wa mtandaoni hawasemi neno juu ya jambo hili. Nimemwuliza mmoja akanijibu "inacheza popote dada". Haichezi popote.

City Lights ya Charlie Chaplin, 1931, ni ya tatu, na ndiyo ningempa mtu anayeanza. Chaplin aliitungia muziki mwenyewe ukarekodiwa pamoja na filamu, kwa hiyo mwendo ulishafungwa tangu siku ya kwanza na si rahisi mtu kuuharibu. Yule muuza maua aliyekuwa kipofu anapomtambua Chaplin kwa kugusa mkono wake, andaa leso.

Seven Chances ya 1925 imo kwenye seti ya pili ya Keaton ya Masters of Cinema. Mwanzo wake ni wa rangi, Technicolor ya zamani: kijana anashindwa kutamka kwamba anapenda, msimu baada ya msimu, huku mbwa aliye miguuni anazidi kuwa mkubwa. Ningeiweka juu zaidi, ila kuna mzungu aliyepakwa rangi nyeusi kuigiza mtu mweusi, na kuna mzaha juu ya mwanamke mweusi ambao siwezi kuuacha upite mbele ya binti zangu bila kusimamisha diski na kuzungumza. Jua hilo kabla hujawakusanya watoto.

Anayetaka kitu kisicho cha Kimarekani atafute Lubitsch in Berlin, seti ya filamu za mwongozaji Mjerumani Ernst Lubitsch, ya Masters of Cinema pia, apate The Oyster Princess ya 1919.

Za bei poa sina mengi. Zipo bure kwenye intaneti; kama unataka kuonja, onja huko usimlipe mtu.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sherlock Jr. iliingia miliki ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2020, The Cameraman ikafuata 2024. Yeyote anaruhusiwa kuzichoma kwenye diski na kuuza. Sina neno na hilo. Lakini kupakua nakala chakavu, kuichoma, kuandika "imerejeshwa" kwa dhahabu na kunitoza 85,000 ni kuchukua jasho la mafundi waliosafisha filamu miaka na kulibandika kwenye takataka. Nilipolalamika nikaambiwa, "Picha si inaonekana?"

Siku hizi nikitaka kununua namwomba muuzaji anitumie nusu dakika kwa simu, sehemu yoyote ambayo mtu anatembea tu. Akisema hawezi kufungua kava, nafunga mazungumzo.