Kliniki ya Matende Mjini Tanga: Tathmini ya Huduma

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikimsindikiza shangazi yangu, mkazi wa Tongoni, kwenye kliniki moja ya mjini Tanga inayowafundisha wenye matende namna ya kuitunza miguu yao, na huko amepata kitu ambacho miaka mingi ya dawa za kuchua haikumpa, nacho ni maelezo.

Muuguzi alianza na mwili kabla ya kugusa beseni. Alieleza kwamba damu inapozunguka huacha majimaji katikati ya nyama, na kwamba mishipa ya limfu huyakusanya, ikayapitisha kwenye tezi zinazonasa vijidudu (hizo hizo zikivimba kinenani huitwa mitoki), kisha ikayarudisha kwenye damu karibu na shingo. Mishipa hiyo haina moyo wake. Hutegemea kujikaza kwa kuta zake, mwendo wa misuli, pumzi, na vali ndogo ndogo zinazozuia maji yasirudi chini. Minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, huishi humo kwa miaka na kuiharibu, mguu ukabaki kama shamba lililozibwa mfereji wa kutolea maji. Shangazi, aliyeamini tangu ujana kwamba madafu ndiyo huleta mabusha, ambayo nayo huletwa na minyoo hiyo hiyo, alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, nisipouchezesha mguu, maji hayapandi?" Akajibiwa: "Hayapandi vizuri, bibi."

Tangu siku hiyo hahimizwi. Huosha kwa sabuni na maji safi kila jioni, hukausha baina ya vidole, hupaka dawa penye mipasuko ambako bakteria hupenya na kuleta homa, na hulala mguu ukiwa juu ya mto. Homa iliyokuwa ikimlaza karibu kila mwezi imemrudia mara moja tu. Nimethamini pia ukweli wao: walisema wazi kwamba vidonge vinavyogawiwa kwa watu wote katika kampeni za matende huzuia maambukizi lakini haviurudishi mguu uliokwisha kuharibika, ilhali busha hutibika kwa upasuaji.

Kasoro ipo, na inaniuma. Wagonjwa husubiri hata saa mbili kwenye mabenchi marefu, miguu ikining'inia, kinyume kabisa cha somo wanalokwenda kupewa. Anayempeleka mgonjwa wake abebe kigoda cha kuinulia mguu, na afike mapema asubuhi.