Lita 7 za LS7 au lita 2 za M139?

Chevrolet Corvette Z06 ya 2006 ilibeba injini ya LS7: V8, yaani silinda 8, zenye ujazo wa lita 7.0, nguvu za farasi 505, bila turbo (feni ya kushindilia hewa kwenye injini). Mercedes-AMG A45 S ya 2019 ina M139: silinda 4, lita 2.0, nguvu za farasi 416. Kwa kila lita ya ujazo Mmarekani anatoa farasi kama 72, Mjerumani zaidi ya 200. Hapo nawavulia kofia mafundi wa AMG.

Lakini gari haliendeshwi kwa hesabu. LS7 ukiikanyagia mafuta, hata kwa mzunguko mdogo, inavuta papo hapo, hakuna kinachosubiriwa. Kwenye M139 lazima moshi wa ekzosi uzungushe turbo kwanza, turbo ishindilie hewa hadi shinikizo la bar 2.1, ndipo nguvu ije. Shafti ya turbo imewekewa beringi za roli, zinazozunguka kwa wepesi, ili kupunguza kuchelewa huko. Kumepungua, hakujaisha.

Wengi huiona V8 hii kama dude la kizamani, na wanaionea. Kweli kamshafti (shafti ya kufungulia valvu) ni moja tu, imelala ndani ya bloku, inasukuma valvu kwa vijiti virefu. Ila ndiyo maana vichwa vya silinda zake ni vifupi na injini inakaa chini kabisa ya boneti. Bloku ni alumini, konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) ni titani!

Kwa mafuta, ndogo inashinda ukiendesha kwa upole.

Mimi nachukua LS7. Mwenye watoto achukue A45 S: ina milango mitano, na magurudumu yote manne yanavuta.